Kusikia si kusikiliza: Mbinu za anayejifunza lugha ya kigeni kwa masafa

MTAA wa Fedha, eneo la Embakasi jijini Nairobi, uko kando ya barabara ya Outer Ring na hauko mbali na Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta. Honi za matatu, muziki wa madukani na ngurumo za ndege ni sehemu ya maisha ya kila siku ya wakazi wake. Katika mazingira hayo, mtu aliyerejea kutoka kazini huketi jioni mbele ya rununu au tarakilishi, akatia vifaa vya kusikilizia masikioni na kuanza somo la Kijerumani na mwalimu ambaye hajapata kuonana naye ana kwa ana.

Hamu ya kujifunza lugha hiyo haikuzuka bure. Mnamo Septemba 13, 2024, Kenya na Ujerumani zilitia saini mjini Berlin mkataba kuhusu uhamiaji na ajira, unaokusudiwa kurahisisha safari za Wakenya wenye ujuzi wanaotaka kufanya kazi au kupata mafunzo nchini humo. Baadhi ya taarifa za siku hizo zilitaja nafasi 250,000 za kazi. Serikali ya Ujerumani ilikanusha, ikaeleza kwamba mkataba hautaji idadi yoyote. Jambo moja halikubadilika: anayetaka kuingia katika mpango huo hana budi kuijua lugha.

Ujuzi huo hupimwa kwa ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2, zilizowekwa katika mwongozo uliochapishwa na Baraza la Ulaya mwaka wa 2001. Kwa kawaida, anayetaka kwenda Ujerumani kusomea kazi huku akiifanya hudaiwa ngazi ya B1, ilhali muuguzi anayetaka vyeti vyake vitambuliwe hudaiwa aghalabu B2. Taasisi ya Goethe, ambayo imekuwa Nairobi tangu miaka ya mwanzo ya uhuru, ni miongoni mwa wanaotahini ngazi hizo. Mtihani wake wa B1 una sehemu nne: kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza. Kila sehemu husimama peke yake, na mtahiniwa hufaulu anapopata angalau alama 60 kwa 100.

Ni katika sehemu ya kusikiliza ambapo wengi wanaojifunza wakiwa nyumbani hujikuta hawana pa kushika. Mtu aweza kusoma barua ya Kijerumani akaielewa, akaandika jibu lenye sarufi safi, lakini sauti inapoanza kutoka kwenye spika akaachwa nyuma tangu sentensi ya pili. Ushauri anaopewa mara nyingi ni mmoja tu: asikilize zaidi. Ushauri huo una ukweli nusu. Saa nyingi za kusikiliza bila mpango huweza kumzoesha mtu kutoelewa. Kinachomfaa ni kujua namna ya kusikiliza, na namna hiyo hufundishika kama vile sarufi inavyofundishika.

Kwa nini sikio hushindwa

Anayesoma ana uhuru ambao msikilizaji hana. Jicho hurudi nyuma, husimama, huruka neno gumu kisha likarejea. Sikio halina fursa hiyo. Sauti hupita kwa kasi ya msemaji, na neno likishapita halipo tena ila katika kumbukumbu, ambayo kwa muda mfupi hubeba mambo machache mno. Msikilizaji anayesimama kulitafakari neno moja asilolijua hupoteza maneno matano yanayofuata, hata kama anayajua yote.

Isitoshe, katika usemi hakuna nafasi tupu kati ya maneno kama ilivyo katika maandishi. Sauti huja kama mto mmoja, na ni msikilizaji anayepaswa kuukata vipande. Kila lugha humpa mwenyewe kisu cha kukatia. Katika Kiswahili, mkazo hukaa karibu kila mara kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na silabi nyingi huishia kwa irabu. Sikio la Mswahili basi hujua mapema neno linakomea wapi. Katika Kijerumani, mkazo wa maneno mengi ya asili huanguka mwanzoni, na konsonanti husongamana. Neno moja fupi kama "Herbst", yaani msimu wa majani kupukutika, lina irabu moja iliyozingirwa na konsonanti tano. Anayekata mto huo kwa kisu cha Kiswahili hukata mahali pasipofaa.

Tofauti nyingine ni upatanisho wa kisarufi. Msemaji wa Kiswahili akisema "vitabu vile vizuri vimepotea", kiambishi "vi" husikika mara nne. Aliyekosa neno moja kwa sababu ya kelele hulikamata kwa msaada wa mengine. Kijerumani hakirudii dalili kwa wingi namna hiyo. Mara nyingi maana hutegemea sauti moja ndogo. "Sie hat eine Allergie" maana yake ni kwamba mwanamke fulani ana mzio. "Sie hat keine Allergie" maana yake ni kwamba hana. Kinachotenganisha sentensi hizo ni konsonanti moja tu. Kwa muuguzi aliye wodini, konsonanti hiyo yaweza kuwa mpaka kati ya dawa na sumu.

Hali kadhalika, mpangilio wa maneno hudai subira. Kiswahili hutangaza ukanushi mapema, mwanzoni mwa kitenzi: "hana", "sitaki", "hawaji". Mjerumani aweza kutaja dawa na mtu anayeinywa, kisha akaliweka neno la kukanusha mwisho kabisa: "Das Medikament nehme ich nicht", yaani dawa hiyo siinywi. Vitenzi vingine hugawanyika pande mbili. Katika "Ich rufe Sie morgen nach der Arbeit an", kitenzi cha kupiga simu huanza karibu na mwanzo na kipande chake cha pili huja mwishoni. Anayeharakisha kufasiri kabla ya sentensi kukamilika hulazimika kuibomoa fasiri yake na kuanza upya, na kufikia hapo msemaji yuko mbali.

Nambari nazo ni mtego mkubwa. Ishirini na nne kwa Kijerumani husemwa kana kwamba ni "nne na ishirini", na asiyezoea huandika 42 mahali pa 24. Kumi na tano, "fünfzehn", na hamsini, "fünfzig", hufanana sana masikioni. Saa huongeza utata: "halb acht", ambayo neno kwa neno ni "nusu nane", ni saa moja na nusu kwa hesabu ya Kiswahili. Mkenya aliyezoea kuhama kati ya saa za Kiswahili na za Kiingereza hulazimika kuongeza hesabu ya tatu kichwani.

Masafa huongeza nini

Kujifunza lugha kwa masafa si jambo geni nchini Kenya. Katika nusu ya kwanza ya miaka ya 1980, watoto wa madarasa ya chini ya shule za msingi walifundishwa Kiingereza kwa redio katika mradi ulioihusisha Taasisi ya Elimu ya Kenya. Somo lilichukua takriban nusu saa. Sauti ya redioni iliuliza swali, ikanyamaza kidogo, na watoto wakajibu kwa sauti kabla ya kusikia jibu sahihi. Ukimya huo mfupi ndio uliokuwa siri ya mpango huo. Mtoto hakuachwa kuwa mpokeaji tu. Alilazimika kutenda jambo kutokana na alichokisikia.

Teknolojia ya leo ni pana zaidi, hasa baada ya shule kufungwa mwezi Machi 2020 kwa sababu ya janga la korona na masomo mengi kuhamia mtandaoni. Shirika la utangazaji la Ujerumani, Deutsche Welle, hutoa kozi za Kijerumani bila malipo, zikiwemo taarifa za habari zinazosomwa polepole pamoja na maandishi yake. Redio ya Kimataifa ya Ufaransa, RFI, ina taarifa za Kifaransa chepesi kwa wanaojifunza. Kwa hivyo uhaba wa sauti za kusikiliza, uliowasumbua wanafunzi wa zamani, umepungua kwa kiasi kikubwa.

Hata hivyo, masafa yana gharama yake. Darasani, mwalimu huona nyuso. Mwanafunzi akikunja kipaji, mwalimu hurudia, hupunguza kasi au huandika neno ubaoni. Mtandaoni, kamera mara nyingi huzimwa ili kuokoa bando, na kimya cha mwanafunzi hakimwambii mwalimu kama ameelewa au amepotea. Sauti yenyewe huathirika. Simu ya kawaida ya tangu zamani hukata sauti za juu, zile za takriban zaidi ya hezi 3,400, na humo ndimo zilimo sehemu kubwa ya sauti za "s" na "f". Mtandao dhaifu nao hukatiza maneno, na vifaa duni vya masikioni hufifisha kilichobaki.

Cynthia White, mtafiti kutoka New Zealand ambaye kitabu chake kuhusu kujifunza lugha kwa masafa kilitoka mwaka wa 2003, ameonyesha kwamba wanaosoma kwa njia hiyo hutegemea zaidi uwezo wa kujiongoza kuliko wale wa darasani. Hilo halitokani na kipaji. Hali yao ndiyo inayowalazimisha. Asiye na mwalimu kando yake hana budi kujiuliza maswali ambayo mwalimu angemuuliza: Lengo la somo hili ni lipi? Nimeelewa wapi? Nimekwama wapi, na kwa nini?

Mikakati ya aina tatu

Wataalamu wa ujifunzaji wa lugha, wakiwemo O'Malley na Chamot katika kitabu chao cha mwaka wa 1990, waliigawa mikakati ya mwanafunzi katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni mikakati ya kujisimamia. Humo mna kupanga kabla ya kusikiliza, kujichunguza wakati wa kusikiliza na kujitathmini baadaye. Kundi la pili ni mikakati ya kiakili, yaani kazi anayoifanya mtu juu ya sauti yenyewe: kubashiri, kukisia maana ya neno kutokana na muktadha, kuandika vidokezo, kuhusisha habari na anayoyajua tayari. Kundi la tatu ni mikakati ya kijamii na ya kihisia: kumwomba msemaji arudie, kushirikiana na wenzake, kutuliza wasiwasi.

Wasikilizaji wazuri hawatofautiani na wanyonge kwa wingi wa msamiati pekee. Hutofautiana pia katika namna wanavyoyaunganisha makundi hayo. Msikilizaji mnyonge aghalabu hufasiri neno baada ya neno, na anapokwama hukata tamaa au hushikilia dhana ya kwanza iliyomjia, hata pale maneno yanayofuata yanapoikataa. Msikilizaji hodari hukisia pia, lakini hukiweka kisio chake kwenye mizani. Akisikia ushahidi unaokipinga, hukibadilisha.

Je, uhodari huo hufundishika? Larry Vandergrift, aliyekuwa mtafiti nchini Kanada, na mwenzake Marzieh Tafaghodtari walilijaribu swali hilo kwa wanafunzi 106 wa Kifaransa. Matokeo yao yalichapishwa mwaka wa 2010. Makundi mawili yalisikiliza sauti zilezile, lakini moja liliongozwa kubashiri, kuhakiki ubashiri wake na kutafakari baada ya kusikiliza. Kundi hilo ndilo lililofanya vyema zaidi. Waliopata maendeleo makubwa ndani yake ni wale waliokuwa wanyonge mwanzoni. Kwa anayesoma peke yake chumbani Fedha, hiyo ni habari njema: hatua zile hazihitaji darasa wala vifaa vya bei ghali.

Hatua kwa hatua

Tuseme mwanafunzi anataka kusikiliza tangazo la kituo cha treni la dakika moja. Kosa la kawaida ni kubonyeza kitufe mara moja. Hatua ya kwanza yafaa iwe kalamu na karatasi. Ajiulize: tangazo la kituo cha treni hueleza nini? Bila shaka litataja mji, saa, nambari ya jukwaa la kupandia, labda kuchelewa au mabadiliko. Aandike maneno ya Kijerumani anayoyatarajia: "Gleis" kwa jukwaa, "Verspätung" kwa ucheleweshaji, "umsteigen" kwa kubadilisha treni. Sikio lililotayarishwa namna hiyo hutafuta, badala ya kungoja kuangukiwa.

Hatua ya pili ni kusikiliza mara ya kwanza bila kusimamisha. Lengo ni kuhakiki ubashiri: lipi lilikuwa kweli, lipi halikuwapo, lipi jipya limejitokeza? Huenda amepata kwamba treni ya kwenda Hamburg imechelewa, lakini jukwaa hakulipata. Aandike alipokwama. Aliyetaja pengo lake kwa jina tayari ameanza kuliziba.

Hatua ya tatu ni kusikiliza tena akielekeza nguvu zake kwenye pengo hilo peke yake. Hatua ya nne, na hapa ndipo wengi hukosea kwa kuitanguliza, ni kusikiliza huku akisoma maandishi. Maandishi yakija mapema, jicho huifanya kazi ya sikio, na mwanafunzi hudhani ameelewa sauti ilhali amesoma tu. Yakija mwishoni humwonyesha kwa nini alikosa: Je, neno halikujulikana? Lilijulikana lakini matamshi yake yalikuwa mageni? Liliungana na jirani yake? Au alikuwa bado anawaza juu ya sentensi iliyotangulia?

Maswali hayo yana uzito kwa sababu kila jibu lina dawa yake. Neno lisilojulikana huingia katika daftari la msamiati. Neno linalojulikana kwa macho na kukataliwa na sikio hutibiwa kwa imla: kusikiliza sentensi fupi, kuiandika, kuilinganisha na asili yake, kisha kuitamka kwa kuiga kasi na mkazo wa msemaji. Aliyekwama kwa kutafakari mno hujizoesha kuachilia, yaani kuweka alama ya kuuliza na kuendelea.

John Field, mtaalamu wa Uingereza aliyeandika kuhusu ufundishaji wa kusikiliza mwaka wa 2008, alilalamikia masomo yanayopima usikilizaji bila kuufundisha. Mwanafunzi huambiwa amepata majibu saba kati ya kumi, kisha somo hufungwa. Alama hiyo haimwambii matatu yalipotea kwa sababu gani, wala kama yale saba aliyajua au aliyabahatisha. Programu nyingi za rununu zina dosari iyo hiyo: hutoa pongezi na nyota nyingi, lakini hazielezi kiini cha kosa.

Siku ya mtihani

Sehemu ya kusikiliza ya mtihani wa B1 wa Goethe huchukua takriban dakika 40 na ina maswali 30. Hugawanyika mara nne. Kwanza huja matini tano fupi zenye maswali kumi, kisha maelezo ya msemaji mmoja yenye maswali matano, halafu mazungumzo yenye maswali saba, na mwisho mjadala wenye maswali manane. Sehemu ya kwanza na ya nne husikika mara mbili. Ya pili na ya tatu husikika mara moja tu. Mtahiniwa anahitaji majibu sahihi 18 ili afaulu.

Mpangilio huo wenyewe unadai mkakati. Anayejizoesha nyumbani kwa kurudia kila sauti mara kumi atashtuka sauti inapopita mara moja na kutoweka. Yafaa basi mazoezi yagawanywe: siku nyingine kusikiliza kwa kina na kurudia, siku nyingine kusikiliza mara moja tu kama mtihanini, bila kugusa kitufe.

Muda wa kusoma maswali kabla ya sauti kuanza ni hazina. Humo ndimo ubashiri hufanyika. Mtahiniwa hupigia mstari maneno yenye uzito, hujiuliza yanaweza kusemwa vingine vipi, na hutambua swali linataka nini: nambari, sababu au maoni. Ikumbukwe kwamba neno lililosikika vilevile kama lilivyoandikwa katika jibu si ushahidi kwamba jibu hilo ni sahihi. Mara nyingi huwa chambo. Jibu la kweli aghalabu limevaa nguo nyingine. Karatasi yaweza kusema "nafuu" na sauti ikasema "haikunigharimu sana".

Wapo wanaolikosa swali la tatu wakalilia hadi la sita. Huo ndio wakati wa mkakati wa kihisia. Swali lililopita ni alama moja. Kulilia ni kupoteza tatu. Mtahiniwa akumbuke pia kwamba hata akishindwa, sehemu ya kusikiliza huweza kurudiwa peke yake. Hata hivyo, kuirudia ni gharama nyingine, na anayeilipa kwa akiba ya mshahara mdogo au kwa mchango wa jamaa anajua uzito wake.

Zaidi ya cheti

Kufaulu mtihani si mwisho wa safari. Wodini au karakanani, sauti haitatoka kwa msomaji aliyerekodiwa katika chumba tulivu. Itatoka kwa mgonjwa mzee asiye na meno, kwa daktari aliye na haraka, au kwa mkazi wa Bavaria anayesema lahaja ya kwao. Muuguzi akiambiwa "fünfzehn" akasikia "fünfzig", anayelipia kosa hilo ni mgonjwa.

Kwa sababu hiyo, mikakati ya kijamii yapaswa kufundishwa mapema. Sentensi kama "Könnten Sie das bitte wiederholen?", yaani waweza kurudia tafadhali, yafaa ikae mdomoni tangu miezi ya kwanza. Bora zaidi ni kurudia ulichosikia kwa maneno yako ili msemaji akuthibitishie: miligramu kumi na tano, moja na tano, sivyo? Wanafunzi wengi huona haya kuuliza, wakidhani kwamba kuuliza ni kujifichua. Lakini kwenye kazi inayogusa uhai, anayeuliza ndiye mweledi, na anayetikisa kichwa bila kuelewa ndiye hatari.

Mazoezi ndani ya mtaa

Mkazi wa Fedha ana vikwazo vyake, lakini ana nyenzo pia. Kelele zaweza kugeuzwa kuwa mwalimu zikiratibiwa. Alfajiri au usiku mtaa unapotulia ni wakati wa mazoezi ya kina, yale ya imla na ya kutofautisha "Stadt" (mji) na "Staat" (dola), au "schon" (tayari) na "schön" (zuri). Kelele zinapopanda ni wakati wa kusikiliza kwa jumla sauti ambazo tayari zimefanyiwa kazi. Sauti mpya na ngumu isiwekewe matatu. Humo huwa muziki wa nyuma tu, na sikio hujifunza kuupuuza. Mara mojamoja afaa kuvua vifaa vya masikioni na kutumia spika, kwa kuwa watu halisi huzungumza kutoka upande wa pili wa chumba.

Kuhusu gharama, faili ya sauti ya dakika tano iliyopakuliwa mara moja hutosha kwa mazoezi ya juma zima, tena bila kutumia bando kila mara kama inavyokuwa kwa video inayotazamwa moja kwa moja mtandaoni. Haba na haba hujaza kibaba: dakika tano zilizochunguzwa hadi kila silabi ikatambulika zina faida kuliko saa mbili za filamu zenye maandishi ya Kiingereza chini.

Upweke nao una tiba. Wanafunzi wawili au watatu wa ngazi moja waweza kutumiana jumbe za sauti kwa WhatsApp: mmoja asome nambari za simu, tarehe na vipimo vya dawa kwa Kijerumani, mwingine aandike na kurejesha. Waweza kusikiliza taarifa moja, kila mmoja aandike muhtasari peke yake, kisha walinganishe. Palipo na tofauti ndipo mazungumzo yenye manufaa yanapoanza, kwa sababu kila mmoja hulazimika kueleza alisikia nini hasa kilichomfanya aamini hivyo. Huko ndiko kujichunguza ambako mwalimu wa darasani angekusimamia.

Daftari dogo la kumbukumbu hukamilisha kazi hiyo. Baada ya kila zoezi, mwanafunzi aandike mistari mitatu: alichotarajia, alichokosa na sababu ya kukikosa. Baada ya mwezi mmoja daftari litamwonyesha mtindo wa makosa yake. Huenda akagundua kwamba tatizo lake halikuwa "Kijerumani kigumu", bali nambari na ukanushi tu. Tatizo lililopungua kiasi hicho huwezekana kukabiliwa.

Mkenya ana akiba moja zaidi ambayo hupuuzwa. Mtoto wa Nairobi hukua akisikiliza lugha ya nyumbani, Kiswahili, Kiingereza na Sheng, mara nyingi zote katika mazungumzo ya jioni moja. Amezoea kutolijua neno fulani na bado akalipata lengo la msemaji kutokana na mahali, sura na yaliyotangulia. Huko ndiko kukisia kwa muktadha kunakosifiwa na wataalamu. Anapokaa mbele ya Kijerumani, Kifaransa, Kiarabu au Kichina, mara nyingi huuacha ustadi huo mlangoni na kuanza kutafuta neno baada ya neno kana kwamba hajapata kusikiliza lugha ngeni maishani. Auingize ndani, auongezee mpango na uchunguzi, na sikio lake litaanza kumtumikia hata pale mwalimu yuko mbali naye maelfu ya kilomita.